Wito wa Mathayo ukutani kwangu Maweni: picha inazidi kuingia giza. Ni wino, ni chumvi, au ni ukuta?

#1 MpishiWaMaweni
Habari zenu wadau. Naomba msaada wa yeyote anayeelewa picha za ukutani, hasa hizi za dini za wachoraji wa kale wa Italia.

Nimepika miaka kumi na moja katika nyumba ya Mtaliano mmoja huko Casuarina, hapa hapa Malindi. Alipouza nyumba akarudi kwao, alimwambia kila mfanyakazi achague kitu kimoja. Mwenzangu alichukua friji, mwingine kitanda. Mimi nilichukua picha ya chumba cha kulia: nakala ya Wito wa Mathayo ya Caravaggio, Bwana Yesu akimwita Mathayo mtoza ushuru amfuate, imechapwa kwenye kanvasi, sentimita 120 kwenda juu na 127 upana. Miaka yote hiyo kila Jumamosi nilikuwa naifuta vumbi kwa kitambaa kikavu, hadi watu wake nikawajua mmoja mmoja. Mzee mwenye miwani ameinamia pesa. Kijana kofia yake ina unyoya. Bwana Yesu kulia kabisa, mkono umenyooka, na juu ya mkono ule mwanga unakata ukuta kama kisu.

Nimeitundika sebuleni kwangu tangu Agosti. Baada ya masika ya mwaka huu nikaona pembe za chini zimeota weupe uliochanganyika na kijani, na picha nzima imekuwa nzito. Yule kijana wa mwisho kushoto aliyeinamisha kichwa, uso wake siuoni tena ila nikiwasha tochi ya simu. Jumuiya yetu iliposali kwangu wiki iliyopita, mama mmoja aliuliza kwa nini nimeweka picha ya watu wanaocheza kamari gizani. Iliniuma.

Je, picha inaharibika, au kuna kosa nimefanya mimi? Sitaki kuitoa.

#2 FundiFremu
Pole mama. Kabla sijasema lolote: nyuma ya ukuta huo kuna chumba gani? Picha imegusa ukuta au kuna nafasi? Nyuma ya fremu kumefunikwa na nini? Na ukuta ni wa chokaa au simenti?

#3 KijanaBarani
Na mimi nauliza: lile friji lilienda kwa nani? 😄
Pole mama, natania. Picha ni nzuri, nimeitafuta sasa hivi mtandaoni.

#4 MpishiWaMaweni
@FundiFremu nyuma yake ni bafu. Nyumba ni ya matofali ya mawe ya matumbawe, yale yanayochongwa huku huku kwetu, juu wamepiga simenti na rangi. Picha imelala kabisa ukutani. Nyuma nilifunika karatasi ya nailoni ili vumbi lisiingie.
@KijanaBarani friji lilikufa mwezi wa pili. Picha bado ipo.

#5 FundiFremu
Basi tatizo ni chumvi. Jiwe la matumbawe limetoka baharini na lina chumvi ndani yake. Maji ya bafu yanapenya, yanaiyeyusha chumvi, yanaisukuma hadi upande wa sebuleni, maji yakikauka chumvi inabaki juu kama unga. Zamani wazee walipiga chokaa, na chokaa inapumua, unyevu unatoka polepole. Simenti inauziba, basi unyevu unatafuta pa kutokea, na pa kutokea pamekuwa nyuma ya picha yako. Halafu ile nailoni umeifanya kama kifuniko cha sufuria ya wali.

Toa nailoni leo. Picha usiirudishe ukutani bila kubandika vipande vya koki, ile ya vizibo vya chupa, kwenye pembe nne nyuma ya fremu, hewa ipite walau sentimita mbili.

#6 ChapaMombasa
Fundi yuko sawa kwa zile pembe, lakini pembe si picha nzima. Mimi kazi yangu ni kuchapa picha kubwa, miaka mingi sasa. Wino ni wa namna mbili. Mmoja rangi imeyeyuka yote majini, kama chai. Mwingine una chembechembe za rangi zinazokaa juu ya kitambaa. Ule wa chai unang'aa sana ukitoka mashineni, lakini jua linautafuna upesi. Tena rangi hazifi pamoja. Mara nyingi nyekundu na njano ndizo zinazotangulia, zinabaki buluu na nyeusi. Uso wa mtu unakuwa wa kijivu, mbao inakuwa nyeusi, na mwenye picha anasema imeingia giza. Tazameni mabango ya vinyozi yaliyo dirishani, wote wamekuwa wa buluu.

Kwa picha ya Caravaggio hilo ni msiba, maana uhai wake wote uko katika hudhurungi na nyekundu iliyokolea.

#7 MpishiWaMaweni
Lakini ilikaa Casuarina miaka kumi na moja bila kubadilika hivi. Au nilikuwa sioni?

#8 MgeniTanga
Wakuu, mimi nadhani mnasumbuka bure. Picha hizo zote zilikuwa angavu zilipochorwa. Makanisa yaliwashwa mishumaa miaka mia nne, moshi ukapanda, vanishi ikazeeka, leo tunaona giza tunadhani ndivyo zilivyo. Aliyepiga picha amepiga na moshi wake. Kwa hiyo mama nakala yako ni sahihi kabisa, imerithi masizi ya Roma.

#9 MwalimuWaDini
@MgeniTanga kuna ukweli nusu hapo. Moshi na vanishi kuukuu zimezitia giza picha nyingi za makanisani, na zikisafishwa watu hushangaa. Lakini Caravaggio alichora giza kwa makusudi. Kanvasi yake aliipaka kwanza rangi ya udongo iliyokolea, kisha akaleta mwanga pale tu alipotaka jicho liende. Picha hii aliichora 1599 hadi 1600, na kilichowashtua watu wa Roma wakati huo ni hilo hilo, giza na mwanga uliokata.

Tukumbuke na sababu yake. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulipofungwa mwaka 1563 ulikuwa umetoa agizo juu ya picha takatifu: ziwafundishe waumini na kuigusa mioyo yao. Baroko, mtindo huu wa uchoraji, ilitoka humo. Ndiyo maana Mathayo amekaa mezani na watu waliovaa nguo za siku zile, si kanzu za Galilaya. Mchoraji alitaka mtu wa Roma aone kwamba sauti ile inaweza kumkuta kwenye meza yake.

Mama, yule aliyesema kamari hakukosea sana. Ni meza ya ushuru, pesa ziko juu, watu wanahesabu. Mweleze hadithi ile ya Injili, ataipenda.

#10 AliyekaaRoma
Nimefanya kazi Roma miaka sita, nyumba nilimokaa haikuwa mbali na kanisa la San Luigi dei Francesi, na picha hiyo nimeiona si mara moja. Naomba mnisikilize kwa sababu sijaona aliyelisema hili.

Picha iko katika kikanisa cha pembeni ndani ya kanisa hilo. Ukisimama mbele yake, Wito uko ukuta wa kushoto. Kulia ni kifo cha Mathayo, katikati juu ya altare ni Mathayo akiandika Injili pamoja na malaika. Juu ya altare kuna dirisha. Kwa hiyo ukigeuka kuitazama Wito, dirisha la kweli liko mkono wako wa kulia, na ndani ya picha mwanga unatoka kulia vile vile. Mchoraji aliunganisha. Na lile dirisha lililochorwa ndani ya picha yenyewe halitoi mwanga wowote, angalieni vizuri. Ukiwa pale unahisi jua la kanisani limeingia ndani ya kile chumba cha ushuru.

Mama, sebuleni kwako dirisha liko upande gani ukiitazama picha?

#11 MpishiWaMaweni
Kushoto.

#12 AliyekaaRoma
Basi hapo ndipo ulipo ugonjwa. Mwanga wa nyumba unaenda huku, mwanga wa picha unakuja huku, vinagombana. Jicho likizoea ung'avu wa dirisha la kushoto, upande ule wa picha unakufa, na yule kijana wako amekaa hapo hapo. Casuarina dirisha lilikuwa wapi?

#13 MpishiWaMaweni
Kulia. Kulikuwa na mlango mkubwa wa kioo wa kwenda barazani, kulia kwa picha. Saa kumi jioni mwanga ulikuwa unaingia, na nikiandaa meza nilikuwa nasimama kidogo. Sikuwahi kuliwaza hili.

#14 ChapaMombasa
Na mlango mkubwa wa kioo maana yake miaka kumi na moja ya jua. Nabaki kwenye wino wangu.

#15 MwanaLamu
Asalaam aleikum. Mimi ni Muislamu, kwetu Amu picha za watu hatutundiki, tumelelewa kwamba malaika hawaingii nyumba yenye picha. Nasema hivyo mjue nazungumza kutoka wapi, si kumkosoa dada. Kila mtu na nyumba yake.

Nyumba zetu za mawe ukuta hupambwa na ukuta wenyewe. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zinachongwa kwa chokaa ukuta mzima wa ndani, zikapangwa sahani za kichina na vitabu, mwanga wa uani unaingia na kucheza kwenye vile vivuli. Kwa hiyo hili la mwanga na giza analolisema aliyekaa Roma mimi nalielewa bila picha.

Nililokuja kusema ni la chumvi. Marehemu mamangu alikuwa na aya imetariziwa kwa nyuzi za dhahabu juu ya mahameli nyeusi, imetiwa fremu, ilitoka Makka. Tuliitundika ukuta wa simenti uliokuwa mpya. Mwaka wa pili mahameli ilikuwa imeota nywelenywele nyeupe, na uzi wa dhahabu umegeuka kijani. Tulilia. Fundi anasema kweli dadangu, iondoe hapo.

#16 MpishiWaMaweni
Wa aleikum salaam. Pole sana dadangu kwa kumbukumbu ya mama. Asante.

#17 KijanaBarani
Swali la haraka. Nyumbani tuna Karamu ya Mwisho yenye saa katikati na taa zinazowaka nyekundu na kijani. Hiyo ni Baroko?

#18 MwalimuWaDini
Hapana kijana. Karamu unayoijua ni ya Leonardo da Vinci, alichora kwenye ukuta wa chumba cha kulia cha watawa Milano, kati ya 1495 na 1498. Ni karne nzima kabla ya Caravaggio. Wale malaika wawili wadogo walioegemea mikono, wanaouzwa kila duka la fremu, ni wa Raphael, nao ni wa kabla ya Baroko. Na Moyo Mtakatifu unaouona katika nyumba nyingi umetokana na picha ya Pompeo Batoni ya 1767, iliyo kanisa la Il Gesù, Roma. Hapo Baroko ilishaanza kwenda zake.

Ukitaka Baroko iliyoenea kuliko zote huku kwetu, ni Malaika Mkuu Mikaeli wa Guido Reni, aliyechorwa kama 1635. Yule mwenye dirii ya buluu, upanga juu, mnyororo mkono wa kushoto, mguu kwenye kichwa cha Shetani.

#19 MamaPachaWatamu
Mwalimu umemtaja Mikaeli, basi niseme langu, nimelibeba muda.

Tulikuwa naye chumbani kwa watoto. Nilimweka awalinde, kama mamangu alivyoniwekea mimi. Siku moja binti yangu wa miaka sita alikuwa anavaa viatu vya shule, akaitazama, akaniuliza: "Mama, kwa nini malaika ni mweupe na shetani anafanana na babu?" Ni kweli, Shetani wa Reni ana kipara na ndevu. Lakini chapa niliyonunua mimi ilikuwa na wino mzito kiasi kwamba ngozi yake ilikuwa nyeusi kabisa. Sikuwa na jibu. Nilimfunga kamba za viatu kimya. Jioni nikaishusha.

Sikuitupa, imebarikiwa. Iko kabatini imefungwa kwenye kanga. Lakini sijui nifanye nini nayo.

#20 ChapaMombasa
Mama Pacha, hilo ni kosa la wachapaji na nalikiri kwa niaba ya kazi yetu. Faili ndogo ikikuzwa, vivuli vyote vinashikana kuwa donge jeusi. Nimeiona picha yenyewe kwenye faili kubwa: yule Shetani ni mtu mwenye ngozi ya kahawia iliyoungua jua, misuli yake yote inaonekana, hata mikunjo ya paji la uso. Chapa mbaya imemfanya kitu kingine.

#21 MamaPachaWatamu
Nakushukuru, lakini hata kwenye faili kubwa, aliye chini ndiye mwenye rangi ya giza na aliye juu ndiye mweupe. Hilo si la mashine.

#22 MwalimuWaDini
Dada, siwezi kukupinga. Kwa wachoraji wale mwanga ulikuwa lugha ya neema na giza lugha ya dhambi, na mtoto wetu anaisoma lugha hiyo kwa ngozi yake mwenyewe. Nimefundisha katekisimu miaka ishirini na sikulifikiria hadi leo.

Kuna picha nyingine za wakati ule. Rubens alichora Mamajusi wakimwabudu Mtoto mwaka 1624, iko Antwerp, na mfalme Mwafrika amesimama pale katikati amevaa joho la kijani, huwezi kumkosa.

#23 AliyekaaRoma
Na kuna ile ya Velázquez ya mpishi. Nitarudi baadaye, niko kazini.

#24 BahariaNgomeni
Salamu kutoka Ngomeni. Nimesoma uzi wote. Nami nina picha mbili na nina kosa la kukiri.

Ya kwanza ni Dhoruba ya Galilaya ya Rembrandt, ya 1633. Nimevua tangu nina miaka kumi na tatu na nawaambia huyu mtu aliijua bahari, ingawa wanasema ndiyo picha pekee ya bahari aliyoichora. Omo imepanda wimbi, tanga limechanika, kamba imekatika inapepea hewani, mmoja ameinama anatapika ubavuni. Hesabuni watu. Bwana Yesu na wanafunzi kumi na wawili ni kumi na watatu, lakini chomboni wako kumi na wanne. Wa kumi na nne ndiye Rembrandt mwenyewe, ameshika kofia, anatutazama. Picha halisi iliibwa Boston mwaka 1990 na haijapatikana hadi leo. Makumbusho wameacha fremu tupu ukutani. Kwa hiyo dunia nzima sasa inaijua kwa nakala, kama mimi.

Ya pili ni Bikira Maria anayesali, ya Sassoferrato, yule mwenye kitambaa cheupe kichwani na joho la buluu. Hiyo niliiharibu. Niliogopa hewa ya bahari, nikachukua vanishi ya mashua iliyobaki, nikaipaka mikono miwili juu ya chapa. Siku ya kwanza iling'aa kama kioo. Baada ya miezi mitatu vanishi ikageuka njano, na njano juu ya buluu mnajua inatoa nini. Joho la Mama limekuwa kijani kama jani la mkorosho. Nilipojaribu kuitoa kwa tina, uso ukatoka na kitambaa nilichofutia.

Msipake kitu.

#25 FundiFremu
Pole Baharia. Na nyote mliosoma hapo: vanishi ya mbao ni ya mbao.

#26 MwalimuWaDini
Na uchungu zaidi ni kwamba buluu ile ndiyo iliyokuwa rangi ya gharama kuliko zote. Ilisagwa kutoka jiwe la lapis lazuli lililotoka Afghanistan, jina lake Ulaya lilimaanisha iliyotoka ng'ambo ya bahari. Walimvika Bikira kwa sababu hapakuwa na kitu cha thamani zaidi cha kumpa.

#27 MgeniTanga
Samahani wakuu, hizi zote ni karatasi na wino. Nakala ni nakala. Mtu mzima analilia bango?

#28 MpishiWaMaweni
Kaka wa Tanga, mimi Roma sitafika. Hiyo niliyo nayo ndiyo niliyosali mbele yake mtoto wangu alipolazwa. Usiniambie ni bango.

#29 AliyekaaRoma
@MgeniTanga huko Palermo, kikanisa cha San Lorenzo, Caravaggio yao ya Kuzaliwa kwa Yesu iliibwa mwaka 1969. Mwaka 2015 walitundika nakala juu ya altare, mahali pale pale. Watu wa Palermo walichagua nakala kuliko ukuta mtupu.

#30 MgeniTanga
Nimekosa, dada. Nilisema haraka. Mtoto alipona?

#31 MpishiWaMaweni
Alipona. Yuko kidato cha pili, na ndiye anayeniandikia huu uzi nikichoka.

#32 KijanaBarani
Basi tumuulize yeye: Mathayo ni yupi hapo mezani? Mimi nasema yule mwenye ndevu katikati, anajionyesha kwa kidole, kama anayesema "mimi?"

#33 MpishiWaMaweni
(Mwanawe naandika.) Si yule. Kidole cha mwenye ndevu hakimwelekei yeye, kinamwelekea kijana wa mwisho aliyeinama anahesabu. Anauliza "huyu?" Mathayo ndiye huyo kijana. Bado hajainua uso. Akiinua tu, maisha yake yamebadilika.

#34 MwalimuWaDini
Mwanangu umesema vizuri mno, na wapo wataalamu wanaosema kama wewe. Lakini katika zile picha nyingine mbili za kikanisa hicho hicho Mathayo ni mtu mzima mwenye ndevu. Kwa nini mchoraji ambadilishe katika moja tu?

#35 MpishiWaMaweni
(Bado ni mimi.) Kwa sababu hapo hajawa mtakatifu.

#36 FundiFremu
Mwalimu, umepigwa bao 😄

#37 MwalimuWaDini
Sijapigwa. Nabaki na mwenye ndevu. Ila nitalifikiria.

#38 AliyekaaRoma
Tena Petro aliyesimama mbele ya Yesu aliongezwa baadaye. Picha za eksirei zimeonyesha kwamba mwanzoni hakuwepo. Mchoraji alimfunika Yesu karibu mwili wote, akauacha uso na ule mkono.

#39 MwanaLamu
Nyinyi mnazungumza giza na nakala, mimi najiuliza la jirani. Hapo Malindi, lile kanisa dogo la Wareno kando ya makaburi, lililoezekwa makuti, kuta zake mbona ni tupu na nyeupe? Nimepita hapo mara nyingi na huwa napenda vile palivyo kimya.

#40 MwalimuWaDini
Dada, umenikumbusha jambo. Francis Xavier alipita Malindi mwaka 1542 akielekea India. Baadaye Rubens alimchora akifanya miujiza, kati ya 1617 na 1618, picha kubwa sana ya altare, sasa iko Vienna. Mtu aliyetia mguu kwenye mchanga wetu. Na mimi katika nyumba zote za Malindi nilizoingia kubariki sijaona hata moja yenye nakala yake. Tunanunua malaika wa Raphael.

#41 ChapaMombasa
Faili yake ikipatikana kubwa nitawachapia. Na nawaomba wote: msiniletee picha iliyopitia WhatsApp, inabanwa. Kwa kipimo kama cha mama, 120 kwa 127, nataka walau pikseli 7,000 kwa 7,500 nichape vizuri. Makumbusho kadhaa, kama Rijksmuseum ya Amsterdam, hutoa faili kubwa bure, maana wachoraji hao walikufa zamani na picha zao hazina mwenye haki. Hakuna sababu ya kununua Mikaeli mwenye uso kama ugali.

#42 AliyekaaRoma
Nimerudi. Mama Mpishi, na Mama Pacha pia, hii ni kwa ajili yenu.

Velázquez akiwa kijana kule Sevilla, kama mwaka 1617 au 1618, hata miaka ishirini hajatimiza, alichora mwanamke mwenye asili ya Afrika akiwa jikoni. Amejifunga kilemba cheupe, ameinama kidogo juu ya meza, mkono umeshika jagi. Mbele yake kinu na mchi, bakuli, kitunguu saumu. Miaka na miaka watu walidhani ni picha ya mpishi tu. Mwaka 1933 ikasafishwa, na nyuma ya kichwa chake, juu kushoto, chini ya rangi iliyokuwa imepakwa, likatokea dirisha dogo la kupitishia chakula. Ndani ya dirisha: Bwana Yesu yuko mezani Emau, kile kijiji alikokula na wanafunzi wawili baada ya kufufuka. Yaani yule mwanamke yuko jikoni, chakula chao amekiandaa yeye, na amesimama kama aliyesikia sauti nyuma yake. Iko Dublin. Si kubwa, kama sentimita 55 kwa 118, ndefu kwa upana.

#43 MpishiWaMaweni
Nimeitafuta. Nimeitazama kwenye simu hadi chaji ikaisha.

Miaka kumi na moja nilikuwa nasikia vicheko vya chumba cha kulia kupitia dirisha kama hilo hilo. Nilikuwa napitisha sahani. Sikujua kama kuna mtu aliwahi kuchora upande wetu.

#44 MamaPachaWatamu
Hiyo naiweka chumbani kwa watoto. Asante sana.

#45 MpishiWaMaweni
Wadau, marejesho, wiki mbili zimepita. Nilifanya kipimo alichonielekeza @FundiFremu kwa simu: pamba yenye maji kidogo nyuma ya kanvasi. Pembe ya kushoto ule weupe uliyeyuka wote, kwa hiyo ni chumvi. Pembe ya kulia haukuyeyuka, ulipakaa kijani na kunuka kama kabati lililofungwa, kwa hiyo ni ukungu. Basi wote mlikuwa na haki kiasi.

Kisha nikahamisha picha ukuta wa pili, dirisha liwe kulia. Nimeweka koki. Jana saa kumi jioni mwanangu aliniita nikiwa uani. Kijana anaonekana. Vidole vyake, sarafu, hata paji la uso.

#46 AliyekaaRoma
Nilisema!

#47 ChapaMombasa
Ni furaha, lakini pima tena baada ya kaskazi. Rangi iliyokwisha kufa hairudishwi na dirisha. Na dirisha la kulia ndilo hilo hilo jua.

#48 FundiFremu
Weka pazia jepesi. Na la yule mpishi wa Velázquez, unaitaka wapi?

#49 MpishiWaMaweni
Jikoni. Juu ya meza ninapokatia vitunguu.

#50 FundiFremu
Jikoni kuna mvuke na mafuta. Hiyo lazima kioo.

#51 ChapaMombasa
Usiweke kioo! Unyevu wa Malindi, chapa itanatia kwenye kioo na hutaibandua.

#52 FundiFremu
Itanata ikiwa imegusana. Mimi naweka kadibodi pembeni kuzunguka, kioo hakigusi picha.

#53 ChapaMombasa
Na mvuke ukiingia nyuma?

#54 MpishiWaMaweni
Njooni mbishane mkiutazama ukuta wenyewe. Jumapili baada ya misa ya pili, nitakuwa nimepika mahamri na mbaazi. Fundi njoo na tepu.